Inagoma kuingia: kutafuta chanzo bila kubomoa mlango

Simu za "mfumo unagoma" huja alfajiri. Kwenye soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, biashara ya dagaa huanza mapema, na mtu anayeandika manunuzi kwenye kompyuta hawezi kumwambia mwenye magunia asubiri mpaka fundi aamke. "Mwangaluka, fundi. Nabonyeza pale pa Google, inanirudisha nilikotoka. Nifanyeje, mwanangu? Au nikupe nywila yangu uingie wewe?"

Nywila hiyo usiipokee, hata kama anayekupa ni mama yako mzazi na magunia yamejaa mlangoni. Karibu kila hitilafu nitakayoieleza hapa ina njia ya mkato inayofanya mlango ufunguke mara moja, na karibu kila njia ya mkato huondoa kitu kilichowekwa kumlinda mteja. Kazi yetu ni kupata chanzo.

Mfumo ninaouzungumzia ni wa kawaida. Ni programu ya wavuti ya kumbukumbu za manunuzi. Google haikuitengeneza, lakini mtumiaji anaingia kwa akaunti yake ya Google, na ripoti ya jioni inaandikwa kwenye Google Sheets yake. Hapo kuna kazi mbili, na ukizichanganya utatafuta kosa mahali lisipokuwepo. Ya kwanza ni kuthibitisha: huyu ni nani? Hiyo ni ya OpenID Connect, iliyokamilishwa mwaka 2014. Ya pili ni kuidhinisha: programu hii imeruhusiwa kugusa nini? Hiyo ni ya OAuth 2.0, ya mwaka 2012, ambayo OpenID Connect imejengwa juu yake.

Mwenye dagaa akimtuma mpagazi stoo hampi ufunguo. Anampa kikaratasi: magunia matano, leo, stoo fulani. Kikaratasi kikipotea hasara ni magunia matano, na kesho hakina thamani. Tokeni ndiyo kikaratasi hicho. Nywila ndiyo ufunguo. Safari yenyewe iko hivi: kivinjari kinampeleka mtumiaji kwa Google, anaingia hukohuko, anarudishwa akiwa na msimbo wa idhini wa muda mfupi, kisha seva ya programu inaupeleka msimbo huo kwa Google kwa mlango wa nyuma na kupewa tokeni. Kosa laweza kuwa kwenye kwenda, kwenye kurudi, au kwenye kubadilishana.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, uliza mambo matatu. Wanaogoma ni wangapi? Imeanza lini? Skrini imeandika nini hasa, neno kwa neno? Ukiomba picha ya skrini, mwambie asionyeshe anwani iliyo juu kama ina neno "code=". Hilo ndilo lililobeba msimbo wa idhini, na picha ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp haina mwenyewe.

Mmoja anagoma, wenzake wanaingia

Nianze na saa, kwa sababu ndiyo inayopoteza muda wa mafundi wengi huku kwetu na ndiyo inayofikiriwa mwisho.

Kompyuta ya mezani iliyozeeka ina betri ndogo ya duara kwenye ubao wake, aina ya CR2032, volti 3. Kazi yake ni kuiweka saa hai mashine ikiwa haina umeme. Betri ikifa, umeme ukikatika usiku, asubuhi mashine inaamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Chrome inakataa kufungua ukurasa na kuandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, kwa maana cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine hiyo cheti cha leo bado hakijazaliwa. Badilisha betri, washa saa ya kujirekebisha yenyewe kwa intaneti. Usimfundishe mteja kubonyeza "endelea hivyohivyo" kwenye onyo la cheti, maana siku onyo litakapokuwa la kweli ataendelea hivyohivyo pia.

Hiyo ni rahisi, kwa kuwa tarehe inaonekana wazi kuwa mbovu. Ngumu ni ile ambayo saa inaonekana sahihi.

Namba sita za programu ya uthibitisho kwenye simu hazitoki Google kila mara unapozitazama. Simu inazitengeneza yenyewe kutokana na vitu viwili: siri iliyowekwa siku uliposkani ule mchoro wa QR, na muda wa sasa, uliokatwa vipande vya sekunde 30. Muda huo unahesabiwa kwa saa ya dunia, UTC, na Tanzania ipo mbele yake kwa saa 3. Sasa chukua simu iliyonunuliwa ikiwa imewekwa ukanda wa London. Mwenye simu akaona saa si yenyewe, akasogeza mishale kwa mkono mpaka ikafanana na ya jirani, lakini ukanda akauacha palepale. Anachokiona ni sahihi. Ndani, simu imekosea kwa saa nzima nzima. Namba sita zinatoka vizuri kabisa, na zote zinakataliwa.

Kuna nyingine ya kwetu zaidi. Mtu anaambiwa aweke saa, ni saa mbili na robo asubuhi, anaandika 2:15. Mashine inaelewa saa nane na robo usiku. Tofauti ya saa 6. Nimelikuta hili zaidi ya mara moja. Huyo hajakosea kwa uzembe. Amesoma saa kama alivyolelewa. Wanaoandika maelekezo ya mifumo yetu ndio waliopaswa kuandika "andika 08:15, yaani saa mbili na robo asubuhi".

Kwenye simu washa tarehe, saa na ukanda vya kujiweka vyenyewe. Windows: chagua ukanda wa UTC+03:00 Nairobi, kisha amri w32tm /resync. Linux: timedatectl itakuonyesha kama saa inaoanishwa, na ukanda uwe Africa/Dar_es_Salaam.

Seva nayo ina saa. Ikichelewa, programu itaikataa tokeni halali kwa madai kwamba imetumika kabla ya wakati wake. Njia ya mkato ninayoiona kwenye misimbo ya watu ni kuongeza uvumilivu wa muda mpaka saa nzima au zaidi. Dakika chache zinatosha. Uvumilivu wa saa 3 maana yake tokeni iliyoibwa inaishi saa 3 baada ya kufa. Rekebisha saa ya seva.

Wote wamegoma tangu jana

Hapa, ndugu yangu, jiulize wewe uligusa nini jana.

Skrini ikiandika redirect_uri_mismatch, anwani ya kurudi ambayo programu imeitaja hailingani na ile uliyoisajili kwa Google. Kulingana hapa ni herufi kwa herufi: http si https, yenye www si isiyo na www, na mkwaju (/) mmoja mwishoni unatosha kuangusha wote. Nakili iliyo kwenye skrini, iweke juu ya ile iliyosajiliwa, zisome kama mtu anayehakiki hundi.

Zikilingana machoni pako lakini Google bado inakataa, tazama kilichopo mbele ya programu. Mara nyingi Nginx, seva ya mbele, ndiyo inayopokea https kutoka nje kisha inaongea na programu kwa http ndani. Programu ikijitengenezea anwani ya kurudi yenyewe, inaandika http kwa sababu ndiyo inayoiona. Ipe Nginx kazi ya kupeleka kichwa cha X-Forwarded-Proto na uiambie programu ikiamini kikitoka hapo tu. Au uandike anwani kamili kwenye mipangilio, jambo ninalolipenda zaidi kwa mifumo midogo.

Mkato wake ni kulegeza ulinganisho, watoa huduma wengine wanaporuhusu, ili anwani yoyote ya kikoa chako, yaani jina la tovuti yako, ikubalike. Usifanye. Ukurasa mmoja wenye kasoro kwenye kikoa hicho utakuwa mlango wa kupokelea misimbo ya wateja wako. Mwongozo wa usalama wa OAuth uliotolewa Januari 2025, RFC 9700, unataka ulinganisho kamili.

Ukikuta invalid_client badala yake, siri ya programu imebadilishwa au, kwa watoa huduma wanaoiwekea muda, imekwisha. Weka mpya, futa ya zamani, andika tarehe ya kuisha, kama ipo, kwenye kalenda ya ofisi.

Anakwenda, anarudi, anajikuta mwanzo

Hii ndiyo simu ya yule mama wa alfajiri. Anaingia kwa Google bila tabu, anarudi, na anakuta palepale pa "Ingia". Au anapata ujumbe kwamba "state" haifanani.

Kabla ya kumpeleka mtu kwa Google, programu hutunga neno la nasibu, ndilo hiyo "state", ikaliacha kwenye kuki, kumbukumbu ndogo ya kivinjari chake, na kulituma pia pamoja na ombi. Google hulirudisha kama lilivyo. Maneno mawili yakifanana, programu inajua aliyerudi ni yuleyule aliyeondoka. Dalili hii kwa kawaida maana yake kuki haikufika wakati wa kurudi.

Kwa nini isifike? Kwanza, kivinjari kimebadilika njiani. Mteja alibonyeza kiungo ndani ya Facebook au Instagram, akafungua kivinjari kilichomo ndani ya programu hiyo, kisha safari ikahamia Chrome. Kuki imebaki kule. Google yenyewe huvikataa vivinjari vya ndani vya namna hii kwa kosa la 403 lililoandikwa disallowed_useragent, na inafanya vizuri, kwa sababu programu iliyokizunguka kivinjari hicho inaweza kusoma nywila inavyoandikwa. Mwelekeze afungue kiungo kwenye Chrome tangu mwanzo. Na kama wewe ndiye uliyetengeneza programu ya simu, tumia kivinjari cha simu yenyewe kwa hatua ya kuingia.

Pili, aliondoka kwenye anwani isiyo na www akarudi kwenye yenye www. Kuki imefungwa kwa anwani ya kwanza. Chagua moja, nyingine ielekeze huko kabla ya kuingia.

Tatu, kuki imewekwa SameSite=Strict. Fundi makini ameiweka kwa nia njema, lakini Strict haiiruhusu kuki kwenda pamoja na mtu anayetoka tovuti nyingine, na anayerudi kutoka Google anatoka tovuti nyingine. Kuki ya safari hii ya kuingia iwe Lax, yenye Secure (isafiri kwa https tu) na HttpOnly (hati za ukurasa zisiweze kuisoma), ya kuishi dakika kumi hivi. Angalizo: baadhi ya watoa huduma humrudisha mtumiaji kwa fomu inayojituma yenyewe (POST), Apple ikiwamo unapoomba jina au barua pepe. Kwenye POST kutoka nje hata Lax haiendi; hapo kuki hiyo moja tu itahitaji SameSite=None pamoja na Secure.

Nne, seva zako ni mbili na kila moja ina kumbukumbu zake. Ameondokea ya kwanza, amerudi kwenye ya pili, ya pili haimjui. Dalili yake ni kwamba akijaribu mara kadhaa, nyingine inakubali.

Kuona mwenyewe, fungua zana za msanidi kwenye Chrome, kichupo cha Network, weka alama ya kuhifadhi logi kurasa zinapobadilika, kisha uingie. Tazama kuki ilivyowekwa kwenye kuondoka, na kama ipo kwenye ombi la kurudi.

Njia ya mkato hapa ni kufuta mstari mmoja wa ulinganisho. Wote wanaingia, simu zinanyamaza, fundi anasifiwa. Fikiria kilichofunguka. Mwizi anaanza kuingia kwa akaunti yake mwenyewe, anasimama kabla safari haijaisha, anachukua kile kiungo cha kurudi chenye msimbo wake na kumtumia mama kwa WhatsApp: "Bei za leo hizi hapa". Mama anabonyeza na kuingizwa kwenye akaunti ya mwizi bila kujua. Siku nzima anaandika wauzaji wake, bei zake, namba za wateja wake wa Kongo, na vyote vinahifadhiwa kwa mtu mwingine. Hakuna nywila iliyoibwa. Neno lile la nasibu ndilo lililokuwa likizuia hayo. Liache, na uongeze PKCE, kinga ya mwaka 2015 inayoufunga msimbo wa idhini kwa kivinjari kilichouomba, ili anayeunasa njiani asiweze kuutumia.

"invalid_grant"

Ni jibu la Google inapokataa kutoa tokeni: neno moja, vyanzo vingi. Kitakachokusaidia ni kujua lilitokea wakati gani.

Likitokea papo hapo mtu anaporudi, mtandao ni wa kwanza kushukiwa. Uko Ukerewe, mtandao unavuta kama jahazi lisilo na upepo, ukurasa wa kurudi umekuwa mweupe, mtu anaupakia upya. Msimbo wa idhini ni wa kutumika mara moja tu. Ombi la kwanza lilikuwa limeshaufikisha. La pili linaonekana kama la mwizi, na kanuni inataka likataliwe. Kanuni inaruhusu hata tokeni za mara ya kwanza zifutwe. Usijaribu kuutuma tena msimbo uleule. Ukiukosea, mwanzishie mtumiaji safari mpya kimyakimya. Na ukishafanikiwa kuubadilisha, mhamishe mara moja kwenye anwani safi isiyo na msimbo.

Likitokea usiku, ripoti inapojiandika mtumiaji akiwa amelala, tatizo lipo kwenye tokeni ya kuhuisha. Tokeni ya kawaida ya Google huishi saa moja hivi, sekunde 3,600. Ya kuhuisha ndiyo inayoleta nyingine. Swali langu la kwanza hapa ni: je, inakufa kila baada ya siku 7? Kama mteja aliunganisha Jumatatu na inakata Jumatatu inayofuata, mradi wako huko Google bado umeandikwa kuwa ni wa majaribio. Tokeni za kuhuisha za mradi wa majaribio huisha siku ya 7, isipokuwa zile zinazoomba jina, barua pepe na wasifu tu. Nimemwona kijana mmoja akiandika msimbo wiki tatu kutafuta hili, kumbe ni kitufe cha kuchapisha mradi. Iliniuma kwa ajili yake.

Zipo sababu nyingine. Tokeni haijatumika miezi 6. Mteja ameiondoa ruhusa mwenyewe, na hiyo ni haki yake. Amebadilisha nywila, na ruhusa uliyoomba inahusu Gmail. Au umekuwa ukiomba tokeni mpya ya kuhuisha kila mtu anapoingia: Google inaweka kikomo cha 100 kwa akaunti moja kwa programu moja, na ikizidi, ya zamani kabisa inafutwa bila taarifa.

Mwalo mzima umefungiwa

Mtu mmoja amekosea nywila mara tano, na ghafla watu ishirini hawawezi kuingia. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Programu yako imehesabu makosa kwa anwani hiyo, ikaadhibu wote waliopo mwaloni wenye laini ya mtandao mmoja. Hesabu kwa akaunti pamoja na anwani, ongeza muda wa kusubiri polepole, na kikomo cha anwani peke yake kiwe cha juu sana. Kukiondoa kikomo kabisa ni kuwaruhusu wabahatishaji nywila.

Pacha wake ni programu inayomfungia mtumiaji kwenye IP aliyoingia nayo. Akitoka Wi-Fi ya ofisini kupanda kivuko cha Kamanga anatupwa nje, na akifika Sengerema anaingia upya. Kwa watu wanaotembea na simu, hilo ni kuwasumbua bila faida kubwa.

Ametoka, lakini aliyefuata ameingia kwa jina lake

Hili ni la steshenari. Pale Nyegezi na Malimbe wanafunzi hupanga foleni kwenye kompyuta moja kujaza fomu. Wa kwanza anabonyeza "Toka" kwenye programu, anaondoka. Wa pili anabonyeza "Ingia kwa Google", na kabla hajaandika kitu yuko ndani ya akaunti ya mwenzake.

Kutoka kwenye programu hakukumtoa Google. Ni milango miwili. Upande wako, ongeza prompt=select_account kwenye ombi ili mtu achague akaunti kila mara, na baada ya kutoka umwambie kwa Kiswahili kinachoeleweka: "Umetoka hapa. Kama hii si kompyuta yako, toka na Google pia." Wenye steshenari nawaomba kwa moyo wote wafungulie wateja dirisha la faragha na kulifunga kila mmoja anapoinuka. Ni sekunde tano, na zinaokoa ada na heshima za watoto wa watu.

Anaona taarifa za mtu mwingine, au ana akaunti mbili

Chanzo ni kumtambua mtu kwa barua pepe au namba ya simu. Barua pepe hubadilika. Namba ya simu isiyotumika muda mrefu hurudi sokoni na kupewa mwingine. OpenID Connect inakupa kitambulisho kisichobadilika kiitwacho sub. Hicho, pamoja na jina la aliyekitoa, iss, ndiyo jozi ya kuhifadhi. Na usiunganishe akaunti mbili kwa kuwa tu barua pepe zinafanana. Mtoa utambulisho mwingine anaweza kukuletea barua pepe ambayo hakuithibitisha. Mtake mtu aingie kwanza kwenye akaunti ya zamani, halafu aiunganishe mpya akiwa ndani.

Tatizo lisilo na dalili

Yaliyotangulia yote hupiga kelele. Linaloninyima usingizi ni lile ambalo kila mtu anaingia vizuri.

Tokeni ya utambulisho ni maandishi yenye sahihi, na ndani yake yanasomeka bila ufunguo wowote. Nimekuta programu inayoyafungua, inasoma barua pepe, na kumkaribisha mtu. Haikuhakiki sahihi. Yeyote angeweza kujiandikia tokeni yake nyumbani. Nimekuta nyingine iliyohakiki sahihi lakini haikutazama aud, yaani tokeni ilitolewa kwa ajili ya programu ipi. Hapo mwenye programu ya mchezo wa simu, mtu akiingia kwake kwa Google, anaichukua tokeni ile halali kabisa na kuja kuingilia kwako. Ni kikaratasi cha kweli, chenye muhuri wa kweli, cha stoo nyingine.

Basi hakiki vitano kila mara: sahihi, iss, aud, muda wa kuisha, na nonce, yaani neno la nasibu la mara moja, uliyotuma. Tumia maktaba iliyoandikwa kwa kazi hiyo. Kisha ijaribu wewe mwenyewe: ipe programu yako tokeni ya programu nyingine, ipe iliyokwisha muda, ipe yenye herufi moja iliyobadilishwa. Zote izikatae. Jaribio hili ni la nusu saa, na sijui kwa nini tunaligeuzia mgongo.

Tazama pia tokeni zinalala wapi. Zikiwa localStorage, stoo ya ndani ya kivinjari, hati yoyote mbaya iliyopenya kwenye ukurasa inazisoma. Ziache kwenye seva, kivinjari kipewe kuki ya HttpOnly. Pekua logi: tafuta neno "code=" na "Bearer", linalotangulia tokeni. Ukizikuta, kila mwenye ruhusa ya kusoma logi ana vikaratasi vya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakutaka uzilinde taarifa hizo hata kama programu yako ina wateja wanane tu. Na omba ruhusa unazozihitaji. Programu ya dagaa inayoomba kusoma barua pepe zote za mtu imejitwisha mzigo usio wake.

Akiwa ameshatoa

Wakati mwingine unafika nywila imeshatolewa, au mtu amebonyeza "Ruhusu" kwa programu asiyoijua. Hili la pili linadanganya wengi: wanabadilisha nywila na kutulia. Kubadilisha peke yake hakutoshi. Programu iliyoruhusiwa ina tokeni yake, na inaweza kuendelea kuingia.

Utaratibu wangu, kwenye simu au kompyuta tunayoiamini, si ile iliyoshukiwa: fungua akaunti ya Google, sehemu ya usalama, tazama programu na huduma za wengine zilizounganishwa, ondoa kila asiyoitambua. Badilisha nywila. Tazama vifaa vilivyoingia, toa visivyo vyake. Tazama namba na barua pepe ya kurejesha akaunti, maana mwizi mwangalifu huweka yake. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya namba au, simu ikiruhusu, ufunguo wa kuingia kwa alama ya kidole. Huo umefungwa kwa anwani halisi ya tovuti, kwa hiyo ukurasa bandia hauwezi kuunasa. SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini laini ikihamishiwa kadi nyingine, misimbo inahama nayo. Simu yake ikipoteza mtandao ghafla huku wengine wanao, aende kwa wakala wa kampuni yake saa hiyohiyo. Kwa *106# ataona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba za matapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", zinaripotiwa kwa SMS kwenda 15040.

Kisha nenda kwenye mipangilio ya Gmail, angalia kama kuna anwani ya kupelekea nakala za barua au kichujio kinachozificha. Mara nyingi ndiko mwizi anakobaki baada ya mengine yote kusafishwa. Nikikuta kimojawapo, tunarudia orodha nzima tangu juu, nimekaa pembeni yake, na anayebonyeza ni yeye.